Asilimia 45: neno langu juu ya filamu Eye in the Sky



Jumamosi iliyopita tulikaa kwenye ukumbi wa parokia, watu kama thelathini, tukaangalia Eye in the Sky, filamu ya mwaka 2015 ya Gavin Hood, yule wa Afrika Kusini. Jenereta ilizima mara mbili. Kiisha mabishano yakaanza, na kaka yetu mmoja, injinia, mutu ninayemheshimu sana, akasema neno ambalo limenikaa kichwani wiki nzima: "Shida yote ni hawa watu. Muondoe mutu, muache mashine iamue. Mashine haina hasira, haina usingizi, haina woga." Makofi. Dada mmoja wa promosheni yetu akasimama: "Hapana, kaka. Muache mutu ndani, njo ataona huruma." Makofi tena. Mimi nilinyamaza, juu saa zilikuwa zimeenda, na kwetu hapa usiku si wakati wa kutembea na hoja mkononi. Leo naandika. Naona filamu imewadanganya wote wawili, na imeweza kuwadanganya kwa sababu ni filamu nzuri.

Kwa wale ambao hawakufika: Kanali wa Uingereza, Katherine Powell (Helen Mirren), anaongoza kazi ya kukamata magaidi wa Al-Shabaab mjini Nairobi. Yeye yuko Uingereza. Droni iko juu ya Nairobi. Piloti wake, Steve Watts (Aaron Paul), yuko Nevada, ndani ya kijumba cha chuma. Mchambuzi wa picha yuko Hawaii. Mawaziri wako London na jenerali, marehemu Alan Rickman. Na kwa chini, karibu na nyumba yenyewe, kuna mtu mmoja tu, Jama Farah (Barkhad Abdi), mwenye kuendesha kadudu ka chuma kanakoruka mpaka ndani ya chumba na kuonyesha kwamba watu wanavaa mabomu mwilini. Amri ya kukamata inageuka kuwa amri ya kuua. Hapo anatokea mtoto wa kike, Alia, anatandika meza ya mikate pembeni ya ukuta wa nyumba ile. Filamu yote iliyobaki ni swali moja: wapige ama wasipige?

Bon. Nianze na sifa, juu zipo. Kuna sehemu moja ambayo ningeonyesha kwa wanafunzi wowote wa saikolojia ya kazi, fani yangu mwenyewe. Ni pale Kanali Powell anapomgeukia sajenti wa kupima hatari. Sheria zao zinadai namba: uwezekano wa yule mtoto kufa ni asilimia ngapi? Namba ya kwanza ni kubwa mno. Kanali hapigi kelele, hamtishi. Anamwomba tu ahesabu tena, asogeze bomu upande huu, aangalie kama haiwezi kushuka chini ya 50. Na sajenti, kijana mwenye cheo kidogo mbele ya mkubwa wake, anatafuta mpaka anapata. Inaandikwa 45. Kutoka hapo namba ile inapanda kwa mawaziri kama vile imetoka kwa mizani ya sokoni. Hakuna aliyesema uongo. Kompyuta haikuharibika. Lakini 45 ile ni jasho la mtu aliyebanwa, limevalishwa nguo ya hesabu. Kaka injinia, hapo njo ningependa urudie kuangalia: hata ukimtoa mutu pale mwisho, kwenye kidole, bado ulimwacha pale katikati, kwenye namba.

Sehemu nyingine ni ndogo, inapita mbio. Watts anasema kwa nini aliingia jeshini: alikuwa na deni la masomo ya chuo. (Sikia mcheko uliotoka ukumbini hapo. Wote tunajua karo ni nini.) Na mwisho, wakati mambo yamekwisha na yeye na mwenzake Carrie wanatoka nje na macho mekundu, mkubwa wao anawaambia waende kulala na warudi baada ya saa 12. Mkubwa huyo anachezwa na Gavin Hood mwenyewe. Sijui kama alitaka kujitia lawama kidogo, lakini ni vizuri vile.

Sasa malalamiko. La kwanza ni la jirani. Nyumba ile wanaiweka Eastleigh, na Eastleigh ya filamu ni mtaa wa vumbi unaotawaliwa na wanamgambo wenye bunduki juu ya gari. Mtu yeyote wa kwetu aliyekwenda Nairobi kununua vitambaa anajua Eastleigh ni nini: maghorofa ya maduka, makelele, foleni, biashara ya Wasomali na ya kila mtu. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na inaonekana. Si jambo dogo. Ukisha kumwambia mtazamaji kwamba mtaa mzima uko mikononi mwa adui, umeshamfanyia nusu ya kazi ya kumshawishi kwamba ndege ile lazima iruke. Polisi wa Kenya hawawezi kuingia kwa mguu mtaa wa mji mkuu wao wenyewe? Filamu inatuomba tukubali, nasi tukakubali na popcorn mkononi.

La pili ndilo kubwa. Filamu inatupa uhakika. Kadudu kale kanaingia chumbani, na sisi sote, pamoja na kanali na mawaziri, tunaona mabomu kwa macho yetu. Picha kutoka juu iko safi kama dirisha lililopanguswa. Mtoto anaonekana, meza yake inaonekana, mikate inahesabika. Kwa hiyo linabaki swali la roho tu: tunajua kila kitu, je, tutafanya nini? Watu wa ukumbini waligawanyika juu ya swali hilo, mashine ama huruma. Lakini katika mambo yaliyotokea kweli, mtu aliyeua raia kwa droni mara nyingi hakufika hata kwenye swali la roho. Alianguka kabla, kwenye kuona.

Tarehe 21 Februari 2010, mkoa wa Uruzgan, Afghanistan. Magari matatu yanasafiri kabla ya jua kutoka. Droni ya Predator inayafuata kwa masaa. Wanaoiendesha wako Nevada, kama Watts. Wachambuzi wa picha wako Florida. Wachambuzi wanasema wanaona watoto. Wale wa Nevada hawapendi kusikia vile, wanabisha, wanataka kuona silaha. Neno likaanza kusafiri: mtoto akawa kijana, kijana akawa mwanaume wa umri wa vita. Habari ilipomfikia kamanda aliyekuwa chini na askari wake, mtoto alikuwa ameshapotea ndani ya maneno. Helikopta zikapiga. Uchunguzi wa jeshi la Marekani lenyewe ulihesabu raia 23 waliokufa, na ukawalaumu watu wa Predator kwa namna walivyotoa habari. Hakuna aliyepima roho yake kwa dakika 40 akiangalia msichana mwenye mikate. Walikuwa wamengoja kuona adui tangu usiku, na wakamwona.

Kabul, tarehe 29 Agosti 2021. Siku tatu kabla, mlipuko wa uwanja wa ndege uliua watu wengi, na kila mtu anangoja mlipuko wa pili. Wanatafuta Toyota Corolla nyeupe. Kule Kabul, Corolla nyeupe ni kama pikipiki ya TVS hapa kwetu. Wakaikamata moja kwa macho, wakaifuata karibu masaa 8, na kila alichofanya dereva kikawa dalili. Vyombo vya maji alivyopakia vikawa baruti. Kombora likaua watu 10, saba kati yao watoto. Baadaye jenerali aliyepewa kazi ya kuchunguza alisema picha zilikuwa zinaonyesha mtoto mmoja, kama dakika mbili kabla ya kombora, lakini ukitaka kumwona ilikuwa lazima ujue unatafuta nini. Dakika mbili! Katika Eye in the Sky, dakika mbili ni muda wa kupiga simu tatu na kumtafuta waziri aliyeharisha huko Singapore.

Niseme wazi: sidai filamu iwe ripoti. Nasema kwamba Hood alichagua sehemu ya hadithi inayopendeza jukwaani, ile ya dhamiri, akaacha ile inayoua kimya kimya: kungoja, kuchoka, kutegemea, kubadilisha neno. Na kuchoka si neno la mzaha. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha majaribio yake juu ya watu wanaoangalia mshale wa saa wakingoja uruke mara mbili; alikuwa anataka kuelewa kwa nini watu wa rada wa jeshi la Uingereza wanapitwa na alama. Baada ya nusu saa tu, watu walianza kupitwa. Nusu saa! Na hawa wa droni wanaangalia mapaa ya nyumba kwa zamu nzima, leo, kesho, mwezi ujao. Filamu inaanza siku ambayo kitu kinatokea. Siku 200 ambazo hakitokei kitu hazimo.

Hapa lazima nijitaje mwenyewe, msinicheke. Miaka kadhaa iliyopita nilipata kazi ya miezi minne kwenye ofisi moja, jina nalihifadhi, ya kuhesabu makao ya wakimbizi wa ndani kwenye picha zilizopigwa kutoka juu. Programu ilikuwa inachora kaboksi kekundu juu ya kila turubai, na kazi yangu ilikuwa kusema ndiyo ama hapana. Siku ya kwanza nilikuwa mkali sana, nikaikatalia mara nyingi. Wiki ya pili, ikifika saa nane ya mchana, nilikuwa nabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Programu ilikuwa inapatia mara nyingi, hapo ndipo ubaya ulipo: chombo kinachokosea kila saa kinakuweka macho, chombo kinachokosea mara moja kwa siku kinakulaza. Wenzetu waliotembea kwa miguu walirudi na habari kwamba upande mmoja wa kilima, kule nilikoidhinisha makao kwa makumi, ni wakulima walikuwa wametandika maturubai kwa kuanika mihogo. Hakuna aliyekufa kwa kosa langu. Walipeleka tu sabuni nyingi mahali ambapo hapakuwa na watu wa kuoga. Lakini mimi nilikuwa "mtu ndani ya kazi", nilikuwa na diploma, nilikuwa na roho nzuri, dada yangu. Huruma yangu ilikuwa nzima kabisa. Ni jicho ndilo lililolala.

Lisanne Bainbridge aliandika mwaka 1983 makala ambayo ningependa iingie kwenye mafunzo ya polytechnique zetu zote. Wazo lake, kwa maneno yangu: ukiipa mashine kazi zote nyepesi, unamwachia mtu zile ngumu kuliko zote, na wakati huohuo unamnyima mazoezi ya kila siku ambayo yangemsaidia kuziweza. Alikuwa anawaza viwanda. Vita vilimpa haki miaka 20 baadaye.

Machi 2003, mwanzo wa vita vya Iraki. Mitambo ya Patriot ya Marekani inalinda anga. Tarehe 23 ndeke ya vita ya Uingereza, Tornado, inarudi Kuwait kutoka kazini. Patriot inaisoma kuwa ni kombora linalokuja kupiga rada. Askari waliokuwa mbele ya kioo walikuwa na kama dakika moja ya kuamua. Wakaamini mtambo. Waingereza wawili wakafa, wameuawa na marafiki. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Aprili, Patriot nyingine ikaangusha ndeke ya jeshi la majini la Marekani lenyewe, rubani akafa. Mwanasaikolojia wa jeshi la Marekani, John Hawley, ambaye alishughulika na Patriot miaka mingi, alirudia kueleza chanzo: imani isiyouliza maswali juu ya mtambo, na mafunzo yaliyowafanya askari waangalizi tu wa kioo. Kwenye karatasi mtu alikuwa ndani. Alikuwa amekaa pale, amevaa kofia, kidole tayari.

Kaka injinia atasema: umeona, mutu hakusaidia kitu, kwa hiyo atoke. Polepole, kaka. Tarehe 3 Julai 1988, meli ya vita ya Marekani, Vincennes, iko kwenye ghuba inapigana na mashua za Iran. Ndeke ya abiria ya Iran inapaa kutoka Bandar Abbas. Kompyuta za meli, mtambo wa Aegis, ziliandika ukweli: ndeke inapanda. Watu ndani ya chumba cha vita walisema inashuka, inakuja kwetu. Kapteni akasikia watu. Toka kupaa mpaka kupigwa ni kama dakika saba. Watu 290. Hapa mashine ilipatia, watu wakakosea, kwa sababu ya woga na ya hadithi ambayo akili zao zilikuwa zimeshaandika mwisho wake.

Kwa hiyo Vincennes inampa kaka makofi, Patriot inampa dada makofi, na maiti zinabaki pande zote mbili. Njo maana nasema swali "mutu ama mashine" ni swali bovu, na filamu ndiyo imetuuzia. Watu wa Patriot hawakuwa na muda, hawakufundishwa lini mtambo unakosea. Watu wa Vincennes walikuwa na habari sahihi kwenye kioo lakini ilikuwa imepangwa kwa namna ambayo mtu mwenye woga hawezi kuisoma. Wale wa Nevada walikuwa na picha inayofanana na kuangalia uwanja wa mpira kwa tundu la mrija. Ukitaka kujua kama mtu yuko ndani kweli, uliza amelala saa ngapi, ana dakika ngapi, anaweza kusema hapana kwa mkubwa na kesho akarudi kazini, na kama anaelewa mashine yake inadanganyika wapi.

Na hapo, kwa haki, filamu inanirudisha tena kwa sifa. Watts alisema hapana. Alipoona mtoto, alisimama akadai hesabu ya hatari ifanywe upya kabla ya kufyatua, kwa haki ambayo sheria yao inampa. Alikuwa piloti mdogo anayembishia kanali kwa redio. Ilichukua muda, iliwaudhi wote, na kwa dakika zile mtoto aliishi. Ni kweli kwamba hesabu mpya ndiyo iliyozaa ile 45. Lakini naipenda sehemu ile kuliko machozi yote ya mwisho, kwa sababu ni utaratibu. Mtu alipewa kitu cha kushika.

Sasa kwetu. Tusijifanye watazamaji wa mbali. Tarehe 3 Desemba 2013, Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha droni zake za kwanza kabisa katika kazi ya kulinda amani, hapa, juu ya vichwa vyetu. Hazikuwa na silaha. Mwaka uliofuata droni hizo ziliona mashua iliyopata ajali kwenye Ziwa Kivu na watu wakaokolewa. Sitaki kusahau hilo, aliyekuwa majini siku ile hasahau. Lakini miaka imeenda, vita vimerudi, na siku hizi droni zinazoruka mashariki zina silaha. Nani amekaa nyuma ya vioo vile? Zamu yake ni ya saa ngapi? Akiona turubai, anajua kama ni makao, ama ni muhogo, ama ni kambi ya watu wenye bunduki? Dunia inabishana juu ya silaha zinazojiamulia; Desemba 2023 nchi 152 zilipiga kura ya ndiyo kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zikitaka jambo hilo lishughulikiwe. Vizuri. Ila ninachosikia kwenye mikutano hiyo yote ni neno lilelile, "mtu abaki na usimamizi". Mimi nilikuwa na usimamizi. Nilibonyeza ndiyo.

Jambo la mwisho, la mtazamaji tu. Baba yake Alia anatengeneza baiskeli. Anamfundisha mtoto kusoma kwa siri, anamtengenezea duara la kuchezea. Kwenye picha ya droni yeye ni mtu mwenye mtaimbo na vipande vya chuma mbele ya nyumba, karibu na magaidi. Filamu haikuuliza kabisa yule baba angeonekanaje kama Alia asingekuwepo. Mimi nilimwangalia yeye tu kwa nusu ya pili yote, nikiwaza ni nani angemwandika nini.

Filamu iko kwa sekretari wetu. Anayetaka aje na fleshi yake, na tafadhali, isiwe na virusi kama ile ya mara iliyopita. Jumamosi ijayo kaka injinia ameomba zamu ya kunijibu, nami nimemkubalia dakika 20, mbali na muda wa jenereta kuzima.